Gari la Bwana Zylber

Saint-Aubrun, 8 Machi 1981

Kwa Bibi Régine Kervadec,
Duka la Dawa, Nantes

Bibi mpendwa,

Hunijui, au kama unanijua basi ni kwa mbali sana, kama mtu anavyokumbuka harufu ya nyumba aliyolala utotoni. Naitwa Armandine Lacoux. Nakaa shambani, juu kidogo ya kijiji cha Saint-Aubrun, mimi na mama yangu ambaye miguu imemgomea, na ng'ombe wachache wekundu.

Juni ya mwaka arobaini, Paris nzima ilipokuwa barabarani ikiwakimbia Wajerumani, gari la baba yako liliishiwa petroli mbele ya geti letu. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Baba yangu, Firmin, alifunga ng'ombe wawili wakalivuta hadi ghalani, na watu wakacheka katikati ya msiba ule, maana gari kama lile hatukuwa tumepata kuliona: Delage ya bluu, boneti ndefu kama meza ya harusi, taa za mbele kubwa kama masufuria. Mlilala kwetu. Wewe ulikuwa na viatu vyeupe na hukukubali kuvivua hata kitandani. Asubuhi mkaondoka kwa miguu kwenda stesheni, mama yako amembeba mdogo wako. Baba yako alimwambia wangu kwamba gari atalirudia. Baba akamjibu kwamba atalikuta.

Lipo, Bibi. Hilo ndilo ninalotaka kukwambia.

Baba alifariki mwaka hamsini na nane, na kabla ya kufa aliniambia tena: gari si letu. Basi likakaa. Mwaka jana akaja mtu kutoka Lyon, Bwana Guérinet, mmoja wa wale wanaokusanya magari ya kabla ya vita. Sijui nani alimnong'oneza. Alipoingia ghalani alivua kofia. Mimi sikujua kwamba kuna magari ya kuvuliwa kofia. Nikachukua tambara nilipanguse vumbi alione vizuri, akanishika mkono: "Mama, nakuomba, usiguse." Eti yaliyokarabatiwa na kung'arishwa yako mengi, lakini lililoachwa kama lilivyo, na matope yake ya mwaka arobaini kwenye madigadi, halipatikani popote. Anasema ukiyafuta matope yale atalia kama mtoto. Nikamwambia hata akilia, gari si langu.

Yeye ndiye aliyesoma kibati cha shaba kwenye dashibodi, chenye jina la baba yako, Zylber, na mtaa wake. Mwalimu wa shule hapa akanisaidia kuandika Paris. Walichelewa kujibu. Walinieleza habari za baba yako, mama yako na mdogo wako. Nilianza kusoma nimesimama, nikamaliza nimekaa. Pole, Bibi. Ni neno dogo, sina jingine.

Wewe ndiye uliyebaki, na paa la ghala linaanza kuvuja. Njoo uchukue mali yako, au niambie nifanye nini.

Kwa heshima,
Armandine Lacoux


Nantes, 2 Aprili 1981

Bibi Lacoux,

Barua yako nimeipata. Sina leseni, sina gereji, na sina haja na gari. Muuzie huyo bwana wa Lyon, au lichome, au fugia kuku humo. Kama unahitaji hati kwamba nimeacha haki yangu, nitajie mwanasheria nami nitatia sahihi.

R. Kervadec


Saint-Aubrun, 20 Aprili 1981

Bibi Kervadec,

Kuku wameshaanza, hawakungoja ruhusa yako. Mmoja hutaga kwenye kiti cha mbele, upande wa usukani, na ukimfukuza anakutazama kama wewe ndiye mgeni.

Hati sitaki. Sikuandika ili nipewe. Labda ulifikiri ni mjane wa shamba anatafuta njia ya kutajirika. Mimi si mjane, sikuolewa. Na gari hilo kwetu halijawahi kuwa mali. Lilikuwa amana. Naomba nikueleze kidogo ili ujue liko mikononi mwa nani.

Wajerumani walipofika huku, baba alilijengea ukuta wa nyasi kavu kuanzia sakafuni hadi kwenye boriti. Walikuja kutafuta magari. Mmoja alichoma nyasi kwa singe, na baba amesimama pale anavuta kiko. Baada ya vita watu walimcheka: "Firmin, unamlinda bibi harusi wa mwenzio, mwenyewe haji." Kila Jumamosi alikuwa akilipiga boneti kwa kiganja, polepole, kama mtu anavyompiga ng'ombe mgongoni kumtuliza. Mara nyingi alilala mle mle, juu ya nyasi, mama akalalamika mpaka akachoka. Meya aliliomba kwa harusi ya bintiye, akanyimwa. Baba yangu alikuwa mkali, mgumu, hakujua kubusu mtoto. Lakini alikuwa mtu wa neno lake, na mimi katika maisha haya sikurithi kitu kingine cha kujivunia.

Ndiyo maana sitaki kulichoma wala kuliuza nyuma ya mgongo wako. Njoo ulione tu. Ukishaliona useme uza, nitauza.

Nakuandikia jikoni, mama amesinzia kwenye kiti chake. Mwezi huu barua yako ndiyo pekee niliyopata isiyokuwa ya kampuni ya umeme. Ilikuwa fupi, lakini niliisoma tena.

Armandine Lacoux


Nantes, 11 Mei 1981

Bibi Lacoux,

Barua yako imekaa kwenye kaunta ya duka, chini ya mizani, tangu ilipofika. Nilikusudia nisijibu. Lakini umeandika kwamba baba yako alikuwa mtu wa neno lake, na hilo siwezi kuliacha lipite.

Tulipotoka kwenu tulikwenda Limoges. Baba alipata chumba kwa fundi viatu na mkewe. Mwaka arobaini na mbili, mwishoni mwa kiangazi, askari wa Kifaransa walianza kuwakamata Wayahudi waliozaliwa nje, hata upande wetu ambao Wajerumani walikuwa bado hawajafika. Baba na mama walizaliwa Poland. Baba akasema katika nchi hii nzima kuna mtu mmoja tu aliyetupa neno lake, naye yuko Saint-Aubrun. Mama alikuwa anaumwa, akabaki. Tukapanda treni, baba, mimi na Élie, kisha tukapandisha kilima chenu kwa miguu. Élie alikuwa na kikohozi, baba akambeba.

Baba yako alikuja mpaka getini. Baba yangu hakuomba nafasi kwa ajili yake mwenyewe. Aliomba kwa ajili yetu watoto wawili, hata ghalani, hata ndani ya gari. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama kando yake, nilisikia kila neno. Mtu akaita kutoka ndani ya nyumba. Baba yako akaingia, akakaa kidogo, akarudi. Hakututazama. Akasema:

"Gari nitakuwekea hata miaka mia. Gari halili, halikohoi, wala halina jina. Watu siwezi."

Baba akamshukuru. Hilo ndilo ambalo mpaka leo sijui nilifanye nini. Alivua kofia, akamshukuru kwa kutunza gari. Tukateremka.

Siku chache baadaye askari walikuja chumbani alfajiri. Mimi nilikuwa nimelazwa upande wa pili, kwa mke wa fundi viatu, kwa sababu kikohozi cha Élie kilininyima usingizi. Mwanamke yule akawaambia mimi ni mpwa wake. Kupitia mlangoni nilimsikia Élie akikohoa ngazi zote hadi chini. Baadaye watawa walinichukua, wakanilea, wakanisomesha.

Kwa hiyo ni kweli, baba yako alitimiza neno lake. Alilinda alichochagua kukilinda.

Sikuandikii ili kukuumiza. Umeniambia nije nione. Nilishaona.

Régine Kervadec


Saint-Aubrun, 30 Agosti 1981

Bibi Régine,

Barua hii nimeianza mara nyingi na mara nyingi imeishia kwenye jiko. Leo nitaimaliza hata ikiwa mbaya.

Sikujua. Mwaka ule nilikuwa nafua mashuka hospitali ya Guéret, nikirudi nyumbani Jumapili. Sikusikia lolote, si kwa baba wala kwa mama wala kwa kijiji. Nilipofika mwisho wa barua yako nilitoka nje nikaenda kukamua ng'ombe niliyekwisha kumkamua.

Nilingoja siku ambayo akili ya mama imetulia. Nilikuwa namchana nywele. Nikamsomea barua yako yote, sikuruka kitu. Kisha akasema, "Baba yako alikuwa ameshashika komeo la geti. Mimi ndiye niliyemwita ndani."

Nikamuuliza kwa nini. Akanigeukia kama mtu anayemwangalia mtoto mjinga.

"Yule askari wako alikuwa anakula meza hii kila Jumapili. Tungemwambia nini? Kwamba watoto wale tumewavuna kwenye kabichi?"

Ni kweli, Bibi. Nilikuwa na mchumba, Fernand, askari polisi wa kituo cha wilaya. Alipenda supu ya mama, alikuwa anafuta bakuli kwa mkate hadi linang'aa. Baada ya vita alihamishwa Moulins, na huko akaoa mwingine. Miaka yote nimemlaumu kwa kuondoka. Sasa namlaumu kwa kuja. Je, angewakamata watoto? Sijui. Nimejaribu kuukumbuka uso wake nione kama jibu liko mle, na sikumbuki ila bakuli.

Na baba kulala ghalani, nilidhani analinda gari. Sasa sijui alikuwa anafanya nini mle.

Sikuombi unisamehe. Msamaha huombwa na aliyekosa, na wa kwangu mmoja yuko kaburini, mwingine hawezi kuinuka kwenye kiti. Namlisha, namwosha, namgeuza, kama kawaida. Ila hatuna tena la kuambiana. Tunakaa jikoni watu wawili na kila mmoja yuko peke yake.

Bwana Guérinet amempigia simu jirani kuniulizia tena. Nimemwambia asubiri. Sitakusumbua na jambo la gari. Nilitaka tu ujue kwamba nimesoma, na kwamba mama naye amesikia.

Armandine


Nantes, 12 Septemba 1981

Bibi Armandine,

Nitakuja Jumamosi ya tarehe tatu Oktoba. Mwambie huyo bwana wa Lyon aje alasiri, si kabla. Usije kunipokea stesheni. Usipike. Mama yako usimwambie.

R. K.


Nantes, 9 Oktoba 1981

Bibi Armandine,

Uliponikuta ghalani nina ndoo, hukuniuliza kitu. Nakushukuru kwa hilo kuliko kwa chakula, ambacho nilikukataza. Ile pai ya viazi uliyonifungia kwenye kitambaa nimeila kwenye treni, yote, kwa mkono, mbele ya watu.

Nataka ujue yaliyotangulia, kwa kuwa ulichokiona ni mwisho wake tu. Nilifika mapema kuliko nilivyokwambia. Niliiacha teksi chini, kwenye njia panda, nikapandisha kwa miguu. Geti ni lile lile. Nililisukuma likafunguka, na nikasimama pale kama mjinga, maana sikuwahi kufikiria kwamba linafunguka.

Nilikuwa nimekusudia kulitazama gari tu, nijue kama nalichukia. Nikafungua mlango wa nyuma, nikaketi upande wangu, nyuma ya kiti cha mama. Ni dogo. Muda wote huu nimelibeba kichwani kama nyumba, kumbe magoti yangu yanagusa kiti cha mbele. Ngozi imepasuka, panya wametoa manyoya ya viti. Kwenye kiti cha baba kulikuwa na yai. Nikacheka, kisha nikajisikia ninavyocheka peke yangu, nikanyamaza.

Nilipotoka ndipo nikayaona matope. Yamekauka, yana rangi ya kijivu, yana alama za vidole. Bibi Armandine, yale ni matope ya barabara ya kutoka Orléans. Mvua ilinyesha, magurudumu yakazama, mama akashuka kusukuma na soksi zake za hariri, baba akicheka ili sisi tusiogope. Nikamfikiria yule bwana wako wa kofia. Nikayaona matope yale kwenye ukumbi wa tajiri, yamewekewa taa, watu wenye bilauri mkononi wanainama wanasema, tazama, ni yenyewe kabisa. Nikatoka kutafuta ndoo.

Baba, mama na Élie hawakuoshwa na mtu. Kwetu maiti huoshwa na watu wake, taratibu, kwa maji, kuanzia kichwani. Sikukwambia hayo siku ile. Lakini ulipovua koti ukachukua tambara, ulianzia juu, kwenye paa, ukashuka, ukaacha magurudumu mwisho. Sijui nani alikufundisha.

Sikukuaga vizuri. Nilisema nitachelewa treni. Treni ilikuwa bado sana, nikaenda kukaa stesheni.

Régine


Saint-Aubrun, 18 Oktoba 1981

Bibi Régine,

Hakuna aliyenifundisha. Ndivyo ninavyomwosha mama.

Sasa na mimi nikueleze usiyoyaona. Haukupita muda tangu uondoke, Bwana Guérinet akafika, na mkewe amekaa ndani ya gari lao hataki kukanyaga samadi. Aliingia ghalani na kofia yake kichwani. Delage lilikuwa bado linadondosha maji. Alilizunguka lote, akapiga goti, akapitisha kidole kwenye madigadi. Nilidhani atalia kama alivyoahidi. Akaniuliza kwa sauti ya chini nani amefanya hivi.

"Mwenyewe," nikamjibu.

Akauliza mwenyewe wa nini. Nikamwambia mwenye gari. Akainuka, mimi nimeshika matambara yaliyolowa, sina pa kuyaweka.

"Basi," akasema, "sasa ni gari."

Amelichukua Alhamisi, kwa lori. Si kwa furaha ile ya kwanza, lakini amelichukua, na alilifunga kamba kwa upole, hilo lazima nimkubalie. Malipo nimeyaelekeza kwa watawa wako kama ulivyoniagiza siku ile. Kijiji kizima kilitoka kutazama. Wale waliomcheka baba walikufa zamani, walikuja watoto wao, na wamerithi maneno yale yale: "Armandine, bibi harusi anaondoka, utalia?" Meya alikuwa ameandaa hotuba. Kwa bahati njema dereva aliwasha lori.

Ghala lina nafasi kubwa mno. Ng'ombe nimewafungulia waingie, wanasimama mlangoni. Kuku yule bado anatafuta kiti chake, anazunguka pale pale, anapiga kelele, kisha ananitazama mimi.

Kuna jambo moja nataka kukuuliza, na kama si haki yangu kulijua liache. Siku ile nilipokwenda kuteka maji mara ya pili, nilirudi nikakuta gari peke yake. Kisha nikakuona unatoka jikoni. Mama hakunieleza kitu, nami sikumuuliza. Lakini tangu siku hiyo analala. Alikuwa halali, Bibi, miaka mingi. Alikuwa anakaa anatazama dirisha la barabarani hadi kunakucha. Sasa anasinzia mara tu nikimfunika.

Ulimwambia nini?

Armandine


Nantes, 2 Novemba 1981

Armandine,

Niliingia na maneno tayari. Niliyaandaa kutoka Nantes, na mengine tangu nina miaka tisa. Nilitaka ayasikie akiwa macho.

Alikuwa kwenye kiti chake, na ni mdogo sana, miguu haifiki chini. Alinitazama kwa muda. Sijui alinijuaje, sikujitambulisha. Akaniuliza, "Yule mdogo, kikohozi chake kilipona?"

Nikamjibu, "Kilipona, bibi."

Akatikisa kichwa, akasema vizuri. Nikatoka. Hayo ndiyo yote.

Usinishukuru. Sikumsamehe, na wala si huruma. Mimi nauza dawa ya kikohozi kila siku. Watu wanasimama mbele yangu, wananiuliza kama mtoto atapona, nami nasema atapona, kabla sijamjua hata mtoto mwenyewe. Neno lilitoka kwa mazoea. Lakini tangu siku ile nimelirudia mara nyingi nikiwa peke yangu, kwa sauti, nisikie linavyolia. Kilipona. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye ningeweza kumwambia uongo huo, kwa sababu hakuna mwingine anayekumbuka kwamba Élie alikuwa anakohoa. Ni mimi na mama yako tu. Na sasa wewe.

Régine


Saint-Aubrun, 12 Desemba 1981

Mpendwa Régine,

Mama ametutoka Jumamosi iliyopita, akiwa usingizini. Tumemzika kando ya baba. Walikuja watu wachache, wengi kwa ajili ya kahawa na mvinyo mtamu, na hawakukaa. Kaka yangu kutoka Clermont alikuja na mkewe, wakapima vyumba kwa macho.

Kuhusu ulichomjibu, nimefikiri sana nikuandikie nini. Nakwambia tu kwamba alikufa akiamini hivyo, na sijui kama hilo ni haki. Kuna asubuhi nasema si haki, alipaswa kubeba mzigo wake hadi mwisho. Kuna asubuhi nakumbuka uso wake alivyolala, nikafurahi, kisha nikaona aibu kufurahi. Nawe ndiye mtu wa mwisho ninayepaswa kumwambia hayo, na ndiye pekee ninayeweza.

Theluji imeanguka Jumanne. Nilifungua mlango nikasema, "Theluji," kama ninavyosema kila mwaka. Hakuna aliyenijibu hata "naona".

Sijui kama tutaendelea kuandikiana. Kilichotukutanisha kimeondoka kwa lori, na niliyekuwa namchunga yuko ardhini. Ukiona barua hazina tena maana, usinieleze, acha tu kujibu, nitaelewa. Nimezoea kusubiri, na kusubiri kwangu hakumsumbui mtu.

Armandine


Nantes, 16 Desemba 1981

Armandine,

Pole kwa mama yako. Nimelikalia neno hilo siku nzima na nimeona naweza kuliandika.

Nina chumba cha nyuma ambacho hakijalaliwa tangu mume wangu alipohama. Dirisha lake linatazama ukuta. Mimi si mtu wa kuzungumza asubuhi, na napika vibaya. Krismasi haikuwa sikukuu yetu, watawa walinifundisha kuimba nyimbo zake lakini hawakunifundisha cha kufanya baada ya kuimba. Duka hufungwa, mtaa mzima unanukia nyama za watu wengine, na mimi huhesabu chupa ambazo nilishazihesabu.

Njoo kama unapenda. Usilete kitu. Habari za gari tusizitaje. Tutazungumza mengine, na kama hayapo tutanyamaza, lakini mezani, watu wawili.

Régine


Saint-Aubrun, 20 Desemba 1981

Régine, mdogo wangu,

Nimekuita hivyo kwa sababu nimekutangulia kuzaliwa. Kama hupendi utaniambia nikifika, lakini si asubuhi.

Nakuja kwa treni ya Jumatano. Inabidi nibadilishe mahali pawili, na mwalimu ameniandikia majina ya stesheni kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nimecheka, lakini nimeiweka ndani ya glavu. Tangu nizaliwe sijalala mbali na nyumba hii, isipokuwa ile miaka ya mashuka ya Guéret. Ng'ombe watakamuliwa na jirani. Kuku nimempa mwalimu, nimemwonya kuhusu tabia yake.

Umesema nisilete kitu. Naleta siagi, kwa sababu ya huku si kama ya kwenu, na viazi kidogo, kwa sababu umekiri mwenyewe kwamba unapika vibaya.

Jana nilizunguka kutwa nikitafuta wa kumwachia ufunguo. Jirani ana wajukuu watundu. Meya angeingia kupekua. Mke wa kaka yangu ameshaniandikia kuuomba, na yeye ndiye kabisa nisiyetaka auguse. Nilikuwa nimefika hadi kwa padre, nimeshika ufunguo mkononi, ndipo nikasimama katikati ya theluji nikajiuliza ndani kuna nini cha kulindwa. Nikarudi.

Nitauacha mlangoni, kwenye tundu lake. Anayetaka kuingia na aingie, akute moto umezimwa.

Armandine